Mjane wa Karibu na Kinu

Ha Lenkoane,
5 Machi 1991

Nthatisi,

Sikuulizi hali. Nikikuuliza hali nitakuwa nimekusalimu, na salamu zangu kwako ziliisha Ijumaa.

Ijumaa hiyo Mwalimu Tefo aliwaita wazazi wote shuleni. Tulidhani ni habari ya paa tena. Kumbe ni habari ya binti wa kaka yangu, msomi wetu wa sosholojia, ambaye ametuletea zawadi kutoka chuo kikuu chetu cha hapa nchini, Roma: tasnifu yake, imefupishwa na kuandikwa kwa Kisotho, ili sisi tuliohojiwa tujue tulisema nini. Watu walipiga makofi. Mimi nilikaa mstari wa mbele na blanketi langu la harusi mabegani, kwa kuwa aliyeandika ni damu yangu.

Mwalimu akasoma. Wanawake walioachwa na waume waliokwenda migodini wanaishije, nani analima, nani anaamua ng'ombe auzwe. Watu walicheka, wakasema ni kweli tupu. Kisha akafika kwa "mjane mmoja anayeishi karibu na kinu, mwenye kovu la moto mkononi," ambaye alizaa mwanawe wa pekee wakati mumewe ana miaka miwili hajakanyaga nyumbani.

Nthatisi, Ha Lenkoane nzima ina kinu kimoja cha kusagia nafaka. Kovu langu unalijua, umewahi kulipaka mafuta kwa mkono wako. Mwalimu alikata sentensi katikati akanitazama. Laiti asingenitazama. Hata waliokuwa wanasinzia waligeuka.

Jumapili akaja Mokete, mdogo wa marehemu mume wangu, na wanawe wawili. Nilimpa kiti, hakukaa. Alisema shamba la mtoni lilikuwa la kaka yake na litarithiwa na damu ya kaka yake, na kwa kuwa msomi mwenyewe ameandika kwamba Motlatsi si damu hiyo, shamba lirudi kwao. Ameshapeleka shauri kwa Chifu Mamolapo. Litasikilizwa tarehe kumi na mbili Aprili, baada ya Pasaka.

Pole yako siitaki. Nataka jambo moja. Uje usimame barazani useme uliyatunga. Umeyapika mwenyewe, uje uyale mwenyewe.

Shangazi yako,
Mamotlatsi

~

Roma,
14 Machi 1991

Shangazi,

Mimi nakusalimu, hata kama wewe hukunisalimu.

Nililia nilipoisoma barua yako. Nilipomaliza kulia nikakasirika, na bado nimekasirika. Nina hasira na Mwalimu Tefo kwa macho yake yasiyo na adabu. Nina hasira na Mokete, ambaye hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa kitu chochote, ila huu umemfaa. Lakini kusema nilitunga, hapana.

Nisikilize kwanza. Jina lako nililificha kama kanuni za utafiti zinavyotaka. Siku ya kwanza nilikusomea karatasi ya ridhaa, kwamba nitakayoyaona na kuyasikia nitayaandika. Ulisema, "Soma haraka, maziwa yanafurika." Ukaweka sahihi. Nikakaa kwako miezi mitatu, nikachota maji, nikapalilia, nikaenda nawe mazikoni na kwenye pombe. Ndiyo njia yenyewe hiyo: unaishi na watu mpaka wasahau kwamba wewe ni mgeni mwenye kalamu. Uliposahau kwamba mimi ni mtafiti, ndipo kazi ilipokuwa inakwenda vizuri.

Na si wewe peke yako. Nilizungumza na wanawake thelathini na mmoja katika vijiji vitatu. Tisa waliniambia jambo lile lile. Mwanamke mmoja akizaa hivyo, watu husema ni tabia yake. Wakiwa tisa kati ya thelathini na mmoja, si tabia tena, ni mkataba wa mgodi unaomchukua mume na kumrudisha ukipenda wenyewe. Hilo ndilo nililolisema. Nilitaka watu waache kuwanyooshea kidole wanawake na waunyooshee mkataba. Jina la mumeo nililitunza pia. Niliandika kwamba alikufa bila kujua, ili asije mtu akamwita mjinga.

Ukitaka nije, nitakuja. Lakini nikisema nilitunga, shahada yangu itafutwa, na kazi ya kufundisha niliyoahidiwa hapa itakwenda. Hayo ni yangu, nayaweka kando. Je, wale wanawake wanane wengine? Nao niwafanye waongo? Mficha uchi hazai, Shangazi. Niombe jambo lingine lolote.

Mtoto wako,
Nthatisi

~

Ha Lenkoane,
25 Machi 1991

Nthatisi,

Barua yako nimeisoma nje, nimesimama, kwa sababu ndani ingenikaba.

Unanifundisha ridhaa. Haya, na mimi nikukumbushe siku yenyewe, maana naona katika kuandika kwako kote umeiacha. Hatukuwa kwenye mahojiano. Mashine yako ya kunasa sauti ilikuwa nyumbani juu ya kabati. Tulikuwa shambani tunapalilia, wewe mstari wako na mimi wangu. Ukatua jembe ukakaa chini kwenye udongo ukaanza kulia. Nikakuuliza nini, ukaniambia. Sitaiandika hapa habari uliyoniambia, kwa kuwa mimi si msomi na siri za watu sizifanyii muhtasari. Ulisema umekwisha, baba yako akijua atakufukuza, hakuna mwanamke aliyewahi kufanya ujinga kama wako.

Ndipo nikakwambia langu. Nilikwambia ili unyamaze. Nilimwambia mtoto aliyekuwa analia, mtoto wa kaka yangu, niliyempangusa kamasi angali mdogo. Mtafiti simjui, sijawahi kulima naye.

Sasa nimemwomba Mwalimu karatasi zako nikazisoma zote mwenyewe. Machozi yangu yamo. Kovu langu limo. Machozi yako hayamo. Umeandika, "Mjane huyu alifunguka wakati wa shughuli za kilimo." Nilifunguka kama mlango uliosukumwa na upepo, sivyo? Na wewe ulikuwa wapi, Nthatisi? Ulikuwa upepo?

Unasema tuko tisa. Hao wanane wengine Mokete hawajui na mashamba yao hayataki. Mimi ndiye ninayepita dukani watu wakanyamaza. Mke wa Mokete jana aliniuliza mbele ya wateja kama kinu kinasaga na mbegu za wageni. Wakacheka. Hayo nayo utayaandika? Mnalo jina lake ninyi, dhihaka inayomrudisha mtu kwenye mstari? Basi andika kwamba inauma.

Kikulacho ki nguoni mwako. Njoo, au usije. Tarehe unaijua.

Mamotlatsi

~

Welkom,
2 Aprili 1991

Nthatisi,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako na sitarajii kuandika ya pili.

Nilikuwa kwenye foleni ya chakula katika hosteli ya mgodi. Pule wa kwetu alikuwa amepata barua ya mkewe, akawa anawasomea wenzake huku wanasukumana na sahani. Hakujua niko nyuma yake. Ndivyo nilivyojua. Miaka kumi na tisa nimekuwa mtoto wa Sekake, nikaacha kuwa mtoto wa Sekake nikiwa nangoja ugali.

Sasa wananiita Mtoto wa Kinu. Juzi tukiwa kwenye lifti ya kushuka chini mmoja aliniuliza kama nilizaliwa au nilisagwa. Wote walicheka, na kwenye lifti huna pa kwenda.

Wewe uliwahoji wanawake thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa nyumbani msimu ule wote. Nilikukatia kuni. Nilikupeleka kwa farasi hadi kijiji cha pili ukafanye mahojiano yako, nikakungoja juani. Hukuniuliza swali hata moja. Ulilijua jambo hilo ukanitazama nikila, ukanipokea sahani ukaiosha. Uliijua habari yangu kabla yangu.

Huko chuoni mnakofundishwa kuuliza, hamfundishwi kwamba mtoto anayezungumzwa ana masikio?

Barazani siji. Shamba wampe Mokete. Mama sijamwandikia na sijui nimwandikie nini. Na yule niliyemzika nikamlilia, sijui nilikuwa namlilia nani.

Motlatsi

~

Roma,
8 Aprili 1991

Motlatsi,

Ni kweli. Sikukuuliza. Nilikuwa nimeamua tangu mwanzo kwamba ninachunguza wake za wachimbaji, na wewe hukuwa mke wa mtu. Hiyo ndiyo sababu, nami nikiiandika naiona ilivyo ya aibu.

Nakasirikiwa na watu wote kwa haki, kwa hiyo acha nami nikukasirikie kidogo. Unampa Mokete shamba kama anayetupa ganda la ndizi. Shamba lile mama yako amelilima kwa mkono ulioungua. Kama hulitaki wewe, mwache yeye alitake.

Kesho kutwa naondoka kwenda Ha Lenkoane. Sijui nitasema nini. Najua mawili tu nisiyoweza kusema: kwamba nilitunga, na kwamba ni yeye.

Nthatisi

~

Ha Lenkoane,
14 Aprili 1991

Mwanangu Motlatsi,

Hujaniandikia tangu Februari, na sasa najua kwa nini. Pule amemwambia mkewe jinsi ulivyojua. Ungejulia kwangu. Kosa hilo ni langu, nalo si dogo. Lakini barua hii ni ya kukupa habari, kwa hiyo isome mpaka mwisho hata kama una hasira. Mimi pia ninazo, tutaonana nazo.

Ijumaa baraza lilijaa. Walikuja hata wa ng'ambo ya mto wasio na shauri na mtu. Chifu Mamolapo alikaa na wazee wake. Mokete alisimama akiwa na karatasi za Nthatisi ameziviringisha kama fimbo, akasema shauri lake, kwamba wanawe wanakua hawana pa kulima na shamba la kaka yake linashikwa na mtoto wa njia. Akamwita Nthatisi.

Msichana alikuja akasimama. Alikuwa amekonda. Mokete akamwuliza kama mwanamke aliyeandikwa ni mimi, ndiyo au siyo.

Nthatisi akasema, "Kila mwanamke aliyezungumza nami aliniamini. Sitasema huyo ni nani, na sitasema huyo si nani."

Mokete akacheka, akawaambia watu kwamba ukimya huo ni jibu tosha. Wazee wakamwonya Nthatisi kwamba baraza linaweza kumtoza faini. Akasema atozwe. Wakamwambia baba yake, mjomba wako, amwamuru aseme. Kaka yangu akamwamuru. Akakataa mbele ya watu wote. Mokete alizidi kumzunguka, mara amwite msomi wa masengenyo, mara amwulize analipwa kiasi gani kwa kila tumbo la mwanamke analoliandika.

Nilikwenda pale kumchukia, Motlatsi. Nilikuwa nimejiandaa. Lakini nilipoona mtu mzima anamzunguka mtoto wangu kama mbwa anayezunguka mbuzi aliyefungwa kamba, hasira yangu yote ilihama ikaenda upande wa pili. Nikasimama bila kuitwa.

Nikasema, "Ni mimi. Mwacheni msichana. Mwenye habari yuko hapa, ulizeni."

Na sasa nakwambia wewe niliyowaambia wao, kwa sababu ulipaswa kuwa wa kwanza na nimekufanya wa mwisho.

Baba yako Sekake alikwenda migodini mwaka wa sabini, miezi sita baada ya kunioa. Barua zilikuja mbili kisha zikakoma. Watu walisema amezamia huko, ana mwanamke mwingine. Sikuwa na mume wala sikuwa mjane. Nikakuzaa wewe. Mtu yule alikuwa mpita njia, sauti yake nimeshaisahau, na huna haja naye.

Ulipokuwa na miezi mitatu Sekake akarudi. Alikuwa amevunjika mguu, amelala hospitali huko kwa muda mrefu na aibu ya kutotuma kitu ilimfunga mkono asiandike. Aliingia akakuta nakunyonyesha. Nilingoja anipige. Alikaa kwenye benchi na kofia yake ya safari, akatutazama. Akauliza mtoto anaitwaje. Nikamwambia hana jina bado.

Unajua desturi yetu. Siku niliyoolewa mama mkwe aliniita Mamotlatsi, mama wa Motlatsi, kabla hata sijapata mimba. Sekake akasema, "Jina lilikuwa linamngoja mwenyewe. Naona amefika."

Kesho yake alichinja kondoo, akawaita ndugu zake wakala. Alijua. Alihesabu miezi kama mtu mwingine yeyote, na hakunirudia kwa neno hilo mpaka mwamba ulipomwangukia mwaka wa themanini na nne.

Nilipofika hapo nikamgeukia Mokete. Nikamwambia, "Kondoo yule ulimla. Ulipewa paja. Kama mtoto hakuwa wa nyumba hii, mbona ulitafuna?"

Nikamgeukia Nthatisi nikamwambia mbele ya watu kwamba neno moja katika karatasi zake ni uongo, na si lile Mokete alilolipenda. Aliandika kwamba mume alikufa bila kujua. Mambo mengine yote yaliniaibisha mimi, nami naweza kubeba. Lile lilimfanya Sekake kuwa mjinga aliyedanganywa, na Sekake hakuwa mjinga. Alifanya jambo ambalo sijamwona mwanamume mwingine akilifanya, na binti yangu akaliandika kama upofu. Nthatisi alifunika uso.

Chifu Mamolapo aliuliza jambo moja tu: ng'ombe wa mahari yangu walitolewa? Wazee wakasema walitolewa. Akauliza nani aliwaswaga kutoka kwa Sekake mpaka kwa baba yangu. Kila mtu alijua. Ilibidi Mokete aseme mwenyewe kwamba ni yeye, akiwa kijana. Chifu akasema mtoto ni wa ng'ombe, yaani wa nyumba iliyotoa mahari, ndivyo tulivyorithi, na aliyewaswaga ng'ombe asije leo kukana njia aliyopita. Shamba ni lako. Faini ya Nthatisi, kondoo mmoja, ikabaki, kwa kukaidi baraza. Baba yake ndiye atakayeitoa, na hajazungumza naye mpaka leo.

Mimi nimezungumza naye. Nilimpikia mboga na ugali akala. Nilimwambia sijamsamehe. Akasema anajua.

Hiyo ndiyo habari. Yule uliyemlilia alikuwa baba yako. Alikuchagua akiwa macho wazi.

Mama yako,
Mamotlatsi

~

Roma,
6 Mei 1991

Motlatsi,

Ulisema hutaandika tena, kwa hiyo hii si ya kudai jibu. Ni swali, na waweza kulitupa.

Baada ya baraza sikurudi chuoni moja kwa moja. Nilikwenda kwa wale wanawake wanane wengine. Wawili hawakunifungulia mlango. Mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo, nikashukuru hayakuwa ya moto. Watano walikubali nikae. Safari hii niliwauliza swali ambalo sikuwauliza mwaka juzi: mumeo alijua? Wanne walisema alijua. Mmoja alinitazama kama mtu mwenye kichaa, akasema, "Watu wazima wanaoishi nyumba moja, asijue vipi?"

Sura nzima ya tasnifu yangu imesimama juu ya sentensi kwamba waume hawakujua. Hakuna mwanamke aliyeniambia hivyo. Nilikuta hawasemi, nikaandika hawajui. Niliamini kwamba mwanamume akijua atapiga, atafukuza, ndivyo kaida inavyosema, na kwa kuwa sikuona kipigo niliona ujinga. Nilikwenda vijijini na jibu mkobani nikajifanya nauliza.

Nimemwambia profesa wangu. Aliniambia inatosha kurekebisha sentensi moja. Nikakataa, nikaiondoa tasnifu maktabani mpaka niandike upya. Kazi ya kufundisha haikuweza kungoja, wamempa mwenzangu. Sina wa kumlaumu na hilo linanikasirisha kuliko yote. Kwa kweli namkasirikia hata mama yako. Nilimpalilia miezi mitatu, angeweza kuniambia habari ya kondoo. Kisha nakumbuka mimi ndiye niliyekuwa nikilia, na aliyekuwa akilia hakuuliza chochote.

Nitaandika na habari yangu humo, ile ya shambani, kwa jina langu. Baba ameshanikasirikia, hatapata nafasi ya kukasirika zaidi.

Swali ni hili. Mjane wa karibu na kinu nimwondoe kabisa? Mama yako nimemwuliza. Amesema jambo hili sasa si lake peke yake, nikuulize wewe. Ukisema niondoe, naondoa, wala sitakuuliza sababu.

Nthatisi

~

Welkom,
27 Mei 1991

Nthatisi,

Usidhani nimepoa. Barua ya Mama niliisoma kwenye choo cha hosteli kwa sababu ndicho chumba pekee chenye komeo, na nikatoka humo nikagombana na Pule, akang'oka jino. Nilikatwa mshahara wa siku tatu. Siku iliyofuata nikamkopesha shati langu aende kliniki, lake lilikuwa na damu. Bado tunalala kitanda juu kitanda chini.

Nina hasira na Mama kwa miaka kumi na tisa ya kunificha. Nina hasira nawe. Mokete nitaonana naye Julai, likizo yangu imekubaliwa, na sijui nitamfanya nini. Huenda nitapita tu mbele yake nikiwaswaga ng'ombe kwenda kulima.

Kuna mzee hapa kutoka upande wa Quthing, alichimba na baba yangu shimo moja. Hawa vijana wenzangu hawakumjua, yeye alimjua. Nilimwuliza Sekake alikuwa mtu wa namna gani. Alisema hakuwa msemaji. Alisema siku za malipo wenzake wakinunua redio, yeye alinunua viatu vya mtoto, tena kila mara vikubwa mno, kwa kuwa alikuwa anakisia mguu kutoka mbali. Mimi navikumbuka vile viatu. Tulivijaza matambara mbele. Nilidhani hajui namba yangu.

Basi jibu lako ni hili. Usimwondoe. Mwandike mjane, uandike na mume wake, na jina lake liwe Sekake, usilifiche, kwa kuwa hana cha kufichwa. Andika kwamba alirudi akamkuta mtoto, akauliza jina, akachinja kondoo. Andika na viatu.

Kisha weka nukta. Usieleze maana yake.

Motlatsi wa Sekake